Gari Linalolala Kwenye Kona: Tusikate Springi Kabla ya Kujua Sababu

GARI NA DEREVA



Juma hili twajibu swali la askari mmoja wa polisi, mwenye cheo cha sajini, anayekusudia kuingia katika mashindano ya otokrosi kwa gari la nyumbani. Gari lenyewe ni Toyota Corolla la zamani, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Ametueleza kwamba kila akikata kona kwa kasi gari hulala ubavu kupita kiasi, na kwamba fundi amemshauri azikate springi zote nne, mizunguko miwili kila moja, ili gari lishuke na kukakamaa. Mkewe amekataa katakata. Sababu yake ni kwamba gari hilo hilo ndilo liwapelekalo watoto shule siku ya Jumatatu, na ndilo lililompeleka yeye hospitali usiku alipojifungua. Ndugu sajini atuuliza: mwenye haki ni nani, fundi au mke?

Jibu letu ni kwamba mke ndiye mwenye haki. Lakini jibu lisilo na sababu halimfundishi mtu kitu, na wako wasomaji wengi, makambini na mitaani, wanaoupenda mchezo huu na wanaopewa ushauri wa namna hiyo hiyo kila siku. Kwa hiyo tutaeleza kwa utaratibu kwa nini gari hulala, kulala huko kuna ubaya gani, na ni kazi zipi zifanywe kwanza kabla ya msumeno kugusa springi.

OTOKROSI NI NINI

Otokrosi ni mashindano ya dereva na saa. Njia fupi yenye kona nyingi huwekewa alama uwanjani, na mshindi ni yule aimalizaye kwa muda mfupi zaidi. Hakuna haja ya gari la fedha nyingi, na ndiyo maana mchezo huu huwavuta watu wa kawaida.

Lakini jina moja hubeba michezo miwili. Huko Marekani otokrosi huchezwa juu ya lami, katika viwanja vikubwa vya kuegeshea magari, na njia huonyeshwa kwa koni za mpira. Chama kiitwacho Sports Car Club of America, kilichoanzishwa mwaka 1944, humwongezea dereva sekunde 2 kwa kila koni aiangushayo. Huku kwetu Afrika Mashariki mchezo huchezwa aghalabu juu ya udongo, kama vile Busiika, kaskazini ya Kampala, au Jamhuri Park mjini Nairobi. Tofauti hii ni kubwa. Ushauri mwingi wa kulishusha na kulikaza gari umetoka kwenye lami. Gari lililokazwa kwa ajili ya lami laini kama meza, likipelekwa kwenye udongo wenye mabonde na matuta, hurukaruka kama mbuzi, na tairi lililo hewani halishiki kitu.

KWA NINI GARI HULALA

Gari likikata kona, mwili wake hutaka kuendelea moja kwa moja kama ulivyokuwa ukienda. Matairi yako chini, yakiivuta gari kuelekea ndani ya kona. Uzito wa gari uko juu, ukivutwa kuelekea nje. Basi uzito hutoka magurudumu ya ndani ukayaelemea ya nje, springi za nje zikabonyea, za ndani zikanyooka, na bodi ikalala.

Tufanye hesabu moja ya darasani. Tuchukue gari la kilo 1,000, ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 55 kutoka ardhini, na umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni sentimita 145. Gari hilo likikata kona kwa nguvu iliyo sawa na nusu ya uzito wake, zidisha 1,000 kwa nusu, kisha zidisha kwa 55, ugawanye kwa 145. Utapata karibu kilo 190. Hizo ndizo zinazohama upande mmoja kwenda wa pili. Upande wa nje uliokuwa na kilo 500 sasa una 690, na wa ndani umebaki na 310.

Msomaji atazame vizuri: katika hesabu hiyo springi haimo kabisa. Vilivyomo ni uzito wa gari, kimo cha kitovu chake, upana wa magurudumu, na ukali wa kona. Ukiweka springi ngumu mara mbili, bodi italala kidogo zaidi ya nusu ya ilivyolala, lakini uzito unaohama utabaki karibu ule ule. Kulala kwenyewe, kwa kukisogeza kitovu upande, huongeza kilo chache tu.

Na kushusha gari je? Tushushe sentimita 3, kitovu kiwe 52. Uzito unaohama utakuwa karibu kilo 179. Tumeokoa kilo 11 hivi. Sasa mpandishie gari hilo hilo mzigo wa kilo 50 juu ya paa. Kitovu kitapanda hadi karibu sentimita 60, na uzito unaohama utafika kilo 215. Maana yake ni kwamba gunia moja juu ya paa hudhuru zaidi ya mara mbili ya faida iliyopatikana kwa kushusha gari. Hilo lawahusu hata wasomaji ambao hawatashindana maisha yao yote, na hasa wale wasafirio na jamaa zao kurudi nyumbani sikukuu.

UBAYA WA KULALA, NA MPAKA WAKE

Kulala kuna ubaya wa aina mbili. Kwanza, katika magari mengi madogo ya leo, bodi ikilala gurudumu la nje nalo hulala pamoja nayo, likasimama juu ya ukingo wa tairi badala ya uso wake. Tairi linalotembelea ukingo hushika ardhi kidogo. Pili, kulala huchukua muda. Mahali penye kona ya kushoto ikifuatwa mara na ya kulia, bodi hulazimika kuinuka kutoka upande mmoja na kulala upande wa pili kabla gari halijatulia, na dereva hungoja.

Lakini kulala peke yake si ushahidi wa gari baya. Tukumbuke mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Katika ushindi wa 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Waliopanda Peugeot 404 wajua lilivyokuwa likilala kwenye kona kama jahazi lenye upepo. Lakini springi zake zilikuwa laini na zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, hata magurudumu yake yakaifuata ardhi mbovu bila kuiacha. Lililoshinda ni gari lenye matairi yaliyokaa chini, ingawa bodi yake haikusimama wima.

Hilo ndilo jambo moja tunalotaka msomaji alishike. Swali la kujiuliza ni hili: matairi yangu manne yanaigusaje ardhi? Gari limelala kiasi gani ni swali la pili.

KUHUSU KUKATA SPRINGI

Sasa twende kwenye msumeno. Springi ya mviringo huwa ngumu zaidi kadiri mizunguko yake inavyopungua. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ikikatwa 2, ugumu wake huongezeka kwa nusu nzima. Fundi hakusema uongo aliposema gari litakakamaa. Lakini mambo manne hakuyasema.

La kwanza, gari likishuka namna hiyo nafasi ya springi kubonyea hupungua. Kwenye shimo la kwanza gurudumu litapanda hadi kugonga kizuizi cha mpira, na hapo ni kama gari halina springi kabisa. Likigonga katikati ya kona, tairi hilo hupoteza ardhi ghafla.

La pili, springi fupi hulegea kitako chake gurudumu linaponing'inia, kama vile gari likiruka tuta. Yaweza kukaa upande iliporudi, au kuchomoka.

La tatu, bodi ya gari inapolala huzunguka juu ya mahali fulani, mfano wa mlango juu ya bawaba yake. Katika gari la namna ya Corolla, mkono wa chini ushikao gurudumu ndio unaoamua bawaba hiyo iwe wapi. Gari likishushwa mno, mkono huo huelekea juu upande wa gurudumu, na bawaba hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo ukirefuka, bodi hupata nguvu zaidi ya kulala. Basi mtu aweza kushusha gari ili lisilale, akapoteza sehemu ya alichokitafuta.

La nne, springi iliyokatwa hairudishwi. Gari la Jumapili limekuwa gari la Jumatatu, upende usipende. Baya kuliko yote ni kuichoma springi kwa moto wa gesi ili inywee. Chuma cha springi hupewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa gereji huuharibu, na springi hiyo yaweza kukatika siku yoyote.

Kuna na kosa la upande wa pili: wale wanaoweka spesa juu ya springi ili gari lipande, lisigonge chini katika njia mbovu. Spesa huinua kitovu cha uzito, na gari likalala zaidi. Mwenye kuziweka kwa haja ya njia aziweke, lakini apunguze mwendo wake wa kona kwa kiasi hicho.

KAZI KWA UTARATIBU

Haya basi, sajini afanye nini? Twampa kazi sita, tukianza na iliyo rahisi. Asiruke hata moja.

1. Bushi na viungo. Gari la miaka mingi aghalabu hulala au kuyumba kwa sababu vipande vyake vya mpira vimekwisha. Aliinue kwa jeki, alisimamishe juu ya stendi imara, kisha alishike kila gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa juu na chini, kushoto na kulia. Likicheza, atafute kilicholegea: bushi za mikono ya chini, boljointi, linki za stabilaiza, au beringi. Hakuna marekebisho yatakayofaa juu ya bushi zilizokufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

2. Kutoa uzito. Mizigo yote ya buti itolewe, pamoja na keria ya juu ya paa. Kitu chochote kilicho huru ndani ya gari ni hatari mashindanoni, hata chupa ya maji inayoweza kubingirika chini ya breki.

3. Upepo wa matairi. Hii ndiyo dawa rahisi kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa. Aanze na kipimo kilichoandikwa na watengenezaji kwenye kibandiko cha mlangoni, apime matairi yakiwa baridi, kisha abadilishe pauni 2 tu kwa mara moja. Apake chokaa kidogo kwenye ukingo wa tairi la nje kabla ya kuzunguka. Chokaa ikifutika hadi ubavuni, tairi linajikunja, aongeze upepo. Chokaa ikibaki yote hadi kwenye uso, apunguze kidogo. Juu ya udongo upepo pungufu kidogo husaidia kushika, lakini asizidishe: tairi lenye upepo haba laweza kuchomoka kwenye rimu.

4. Shokomzoba, ambazo mafundi wengine huziita shokapu. Wengi hudhani kifaa hiki ndicho kibebacho gari. La, abebaye ni springi. Shokomzoba huzuia haraka yake. Haipunguzi kiasi ambacho gari litalala mwishoni, bali hupunguza kasi ya kulala. Kwa kuwa katika otokrosi kona hufuatana upesi upesi, kasi hiyo ina maana kubwa. Kona ya bodi ikibonyezwa kwa mikono na kuachiwa, iinuke mara moja na kutulia. Ikicheza mara mbili tatu, au ikivuja mafuta, ibadilishwe, nayo hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja.

5. Stabilaiza. Huu ni mti wa chuma uunganishao gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, mti hauna kazi. Moja likipanda na jingine likishuka, mti hujisokota na kupinga. Kwa hiyo hupunguza kulala bila kuikaza springi yenyewe. Nguvu yake huongezeka upesi kwa unene: kutoka milimita 20 kwenda 22 ugumu wa mti huongezeka kwa karibu asilimia 46.

Hapa pana somo la pekee. Tairi hufanana na mchukuzi. Mpe kilo 30, atakwenda vizuri. Mwongezee 30 nyingine, atazibeba, lakini hatakwenda kwa wepesi ule. Tairi nalo likiongezewa uzito hushika zaidi, lakini si kwa kadiri ya uzito ulioongezwa. Basi ule mwisho wa gari wenye stabilaiza ngumu zaidi hulielemea zaidi tairi lake la nje, na ndio mwisho utakaoteleza kwanza. Stabilaiza nene mbele hufanya pua ikatae kukata kona. Stabilaiza nene nyuma hufanya pua ikate vizuri, na mkia utake kutoka.

Magari yavutwayo mbele kwa kawaida husukuma pua nje, na ndiyo maana washindani wengi huongeza stabilaiza ya nyuma. Uwanjani hilo ni jema kwa dereva aliyezoea. Njiani, mvua ikinyesha, dereva asiyejua akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia huondoka na gari huzunguka. Kwa hiyo twasema wazi: gari litakaloendeshwa na mke, kijana au dereva mwingine yeyote lisitoke uwanjani na stabilaiza hiyo. Ifunguliwe, ile ya kiwandani irudishwe, kabla ya kuingia barabarani. Na juu ya udongo wenye mashimo mengi isikazwe mno, kwa maana mti huo hulipelekea gurudumu moja kishindo cha jingine.

6. Kulala kwa magurudumu ya mbele. Vichwa vya magurudumu vikiinamishwa ndani kidogo, digrii 1 au 1.5, tairi la nje litasimama vizuri zaidi bodi itakapolala. Kazi hii ifanywe kwenye mashine ya alaimenti, si kwa jicho. Akizidisha, matairi yataliwa upande wa ndani, na bei ya tairi kila mwenye jamaa aijua.

Springi ni ya mwisho. Kama baada ya kazi hizo sita bado atataka, anunue springi nzima zilizotengenezwa kwa gari hilo, ngumu kwa kiasi, zisizolishusha sana, na zile za kwanza azitunze stoo.

KUJARIBU NA KUANDIKA

Mwalimu hubadilisha tarakimu moja katika hesabu ili mwanafunzi aone matokeo yake. Fundi naye afanye vivyo hivyo. Badili kitu kimoja tu, zunguka mara tatu, andika muda wa kila mzunguko katika daftari, pamoja na hali ya ardhi, upepo wa kila tairi, na gari lilivyofanya: pua ilikataa au mkia ulitoka. Abadilishaye vitu vitatu kwa siku moja, gari likipona hajui dawa, likiharibika hajui sumu.

Majaribio hayo yafanywe uwanjani kwa ruhusa ya wenye uwanja, helmeti kichwani na mkanda kifuani. Barabara ya umma si uwanja wa mashindano, na ndugu zetu wa polisi hawahitaji kukumbushwa hilo na gazeti.

JUMATATU ASUBUHI

Jumapili jioni, kabla gari halijarudi kazini, mwenyewe alizunguke akiwa na spana. Nati za magurudumu zikazwe. Upepo urudishwe kwenye kipimo cha mlangoni. Matairi yatazamwe ndani na nje, maana jiwe la uwanjani hukata ubavu usioonekana. Breki zijaribiwe hatua chache kabla ya kufika lango la kambi. Kisha mke apewe ufunguo, aliendeshe mwenyewe mzunguko mmoja pole pole, aseme kama analiona lile lile alilolizoea. Akisema limebadilika, asibishiwe, litafutwe lililobadilika.

Ndugu sajini, mwambie fundi wako aweke msumeno kando. Anza na bushi na upepo, nunua daftari, na utakapofika kazi ya sita huenda ukaona kwamba springi hazikuwa na kosa. Twakutakia ushindi, na twamtolea mkeo salamu za heshima.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya breki: kwa nini gari huvutwa upande mmoja linaposimamishwa, na mambo ambayo mwenye gari aweza kuyachungua mwenyewe nyumbani.